Kutengeneza na Kutumia Upeo Bandia wa Sekstanti: Mwongozo Kamili kwa Aliyeko Kigoma

Anayejifunza sekstanti, kifaa cha kupimia kimo cha jua au nyota ili kujua mahali ulipo, akiwa Kigoma huanza kwa kushuka ufukweni, Kibirizi au Bangwe, kwa kuwa amesoma kwamba pembe ya jua hupimwa kuanzia mstari ambapo maji na mbingu hukutana, na ziwa analo mbele yake. Baada ya siku mbili tatu hugundua kwamba mstari huo haupatikani kirahisi kama alivyodhani. Wengi huilaumu milima ya Kongo, nami niliilaumu kwa muda mrefu, lakini milima haina kosa kubwa. Mtu ambaye macho yake yako mita 2 juu ya maji huona mstari wa maji ulio umbali wa kilomita 5 hivi, na milima hiyo iko makumi ya kilomita nyuma yake, kwa hiyo mstari wenyewe upo. Shida ni kwamba upo upande wa magharibi peke yake. Asubuhi jua liko juu ya vilima vya nchi kavu. Adhuhuri liko kaskazini au kusini, ambako ghuba imezibwa na ardhi. Na alasiri, linapohamia upande wa ziwa, moshi wa nyasi zinazochomwa wakati wa kiangazi huyaunganisha maji na mbingu yakawa kama shuka moja la kijivu.

Kifaa kinachomwondolea mtu utegemezi huo ni upeo bandia, yaani chombo kipana chenye majimaji mazito yaliyotulia, ambacho huwekwa chini uani na kutumika kama kioo kilicholala sawasawa. Majimaji yaliyotulia hayahitaji kusawazishwa na fundi, kwa sababu mvutano wa dunia wenyewe huyasawazisha. Jua likiwa nyuzi 40 juu ya usawa, taswira yake ndani ya chombo huonekana nyuzi 40 chini ya usawa, na sekstanti inayopima kutoka jua hadi taswira husoma nyuzi 80. Ukigawanya kwa mbili umepata kimo cha jua bila kuona ziwa wala bahari. David Livingstone, ambaye Stanley alimkuta Ujiji mwaka 1871, alisafiri na sekstanti na upeo bandia kwa sababu hiyo hiyo: katikati ya bara hakuna mstari wa bahari wa kupimia.

Enzi hizo kilichomiminwa ndani ya chombo kilikuwa zebaki. Usiitumie, hata kama unamfahamu mchimbaji wa dhahabu anayeweza kukugawia. Mvuke wake huingia mwilini kwa pumzi na kuharibu mishipa ya fahamu na figo, na ikimwagika uani haizoleki ikaisha.

Hesabu ya kufanya kabla ya kununua chochote

Kwa kuwa pembe huongezeka maradufu, sekstanti huishiwa nafasi. Tao la sekstanti nyingi, yaani kipande cha duara chenye alama za pembe, za plastiki na za chuma, huishia nyuzi 120 au zaidi kidogo, maana yake ni kwamba kwa upeo bandia huwezi kupima kitu kilicho juu zaidi ya nyuzi 60. Vitabu vilivyoandikiwa nchi za baridi hulitaja jambo hili kwa sentensi moja na kuendelea, kwa sababu jua la kwao kwa sehemu kubwa ya mwaka halifiki huko. Kwetu ndilo linaloamua kila kitu.

Kigoma iko kwenye latitudo ya 4° 53' kusini, yaani nyuzi 4 na dakika 53, kila uzi ukiwa na dakika 60 za pembe. Tarehe 21 Juni, jua likiwa limekwenda mbali kabisa kaskazini, kimo chake cha adhuhuri hapa bado ni 61° 40' hivi, na maradufu yake ni zaidi ya 123°. Desemba, likiwa kusini, kimo ni zaidi ya 71° na maradufu yake ni karibu 143°. Karibu na tarehe 8 Machi na tarehe 5 Oktoba jua hupita utosini, na ukiinama juu ya chombo kulitafuta utakutana na uso wako. Kwa maneno mengine, somo la kwanza la kila kitabu, lile la kupata latitudo kwa jua la adhuhuri, kwa upeo bandia halifanyiki Kigoma siku yoyote ya mwaka, isipokuwa kwa aliyejaliwa sekstanti yenye tao refu, naye ni kwa wiki chache tu za katikati ya mwaka. Nilipoteza miezi miwili nikidhani kifaa changu ni kibovu kabla sijakaa chini na kalamu.

Linalowezekana ni jua la asubuhi na la alasiri, likiwa kati ya nyuzi 20 na 58. Kwa saa ya ukutani ni takriban kati ya saa 2 na nusu na saa 5 asubuhi, kisha kati ya saa 9 na saa 11 na nusu. Kumbuka kwamba saa ya nchi yetu imejengwa juu ya longitudo ya nyuzi 45 mashariki, nasi tuko 29° 38', kwa hiyo jua letu liko nyuma kwa zaidi kidogo ya saa nzima. Adhuhuri ya jua hapa Kigoma huangukia karibu saa 7 mchana: huwahi hadi saa 7 kasorobo mwanzoni mwa Novemba na kuchelewa hadi saa 7 na robo katikati ya Februari. Latitudo tutaipata usiku kwa nyota, na longitudo mchana kwa jua.

Chombo na majimaji

Tafuta trei ya bati ya kuokea, yenye nafasi ya ndani ya sentimita 20 kwa 15 au zaidi kidogo, na kina cha sentimita 2. Usishawishike kutumia kisahani. Pembeni mwa chombo chochote majimaji hupanda ukuta na kujipinda, na sehemu hiyo iliyojipinda, upana wa sentimita moja au mbili kuzunguka chombo, hutoa taswira ya uongo. Ni eneo la katikati tu ndilo sawa. Isitoshe, ukitazama kwa mshazari trei huonekana imefupika: jua likiwa nyuzi 20, trei ya sentimita 20 huonekana kama ya sentimita 7. Paka ndani rangi nyeusi isiyong'aa ili chini ya trei kusitoe mng'ao wake.

Maji ni mepesi mno, kwani hata pumzi ya paka huyatingisha. Mawese ndiyo mafuta yaliyo karibu zaidi na kila jiko la Kigoma, nami niliyajaribu kwanza, lakini asubuhi ya Julai huganda na kuwa na uso wa uji uliopoa. Asali ya Tabora, ikiwa nyeusi na nzito, hutoa uso mzuri ajabu kwa dakika kama kumi hivi, mpaka nyuki wapate habari. Molasi hufaa kwa uzito na weusi wake, ingawa nayo huvuta wadudu.

Kinachoshinda vyote ni oili chafu, ile inayomwagwa injini ya gari inapobadilishiwa oili. Ni nyeusi, kwa hiyo chini ya trei hakuonekani. Ni nzito, kwa hiyo wimbi hufa haraka. Na ni ya bure. Kijana wa gereji ya Mwanga aliniuliza, "Mzee, hii imeshakwisha kazi, unaipeleka wapi?" Nilipomjibu, "Naenda kupimia jua, mwanangu," alicheka, akanijazia chupa ya lita moja, na tangu siku hiyo hunisalimia kwa kuniuliza jua limefika wapi. Ichuje kwa kitambaa kizito au soksi ya nailoni mara mbili, kwa sababu chembe moja inayoelea hukunja uso wa mafuta kuizunguka. Vaa glavu, na unawe kwa sabuni, maana oili iliyokwisha kutumika ni mbaya kwa ngozi ikigusana nayo mara kwa mara.

Mimina kina cha milimita 5 tu. Kwa trei niliyoitaja ni mililita 150, karibu nusu ya chupa ya soda ya mililita 300. Kina kifupi ni kwa makusudi, kwa sababu mawimbi madogo hufa upesi zaidi katika utando mwembamba kuliko katika kina kirefu. Sharti lake ni kwamba trei yenyewe ilale karibu na usawa, la sivyo upande mmoja utabaki mkavu. Weka pima maji ya fundi ujenzi juu ya ukingo, ingiza vipande vya kadi chini ya trei mpaka tone la hewa likae katikati, na sehemu iliyobaki iachie oili yenyewe.

Wengine huuliza kwa nini wasitumie kioo cheusi kilichosawazishwa kwa pima maji, waachane na mafuta. Pima maji nzuri ya ujenzi hukosea kama nusu milimita kwa kila mita, na kosa hilo ni karibu dakika 1.7 za pembe, sawa na kilomita 3 ardhini. Oili haina kosa hilo.

Kibanda cha kioo

Upepo wa ziwa huanza kuamka asubuhi ikikaribia kwisha, na alasiri karibu kila siku upo. Kwa hiyo trei huhitaji kibanda chenye umbo la paa la nyumba: vioo viwili angavu vya milimita 3, kila kimoja sentimita 25 kwa 20, vilivyoegemeana kwa pembe mraba, na pande mbili za mwisho zikiwa pembetatu za plaiwudi. Vioo vikiegemea kwa nyuzi 45 kutoka ardhini, upana wa chini hutoka sentimita 28 na kilele sentimita 14, nafasi inayotosha trei kuingia ndani bila kugusa chochote. Sentimita 25 za kioo ndizo upana wa kibanda. Sentimita 20 ndizo mteremko. Ziba maungio kwa silikoni na uache siku nzima ikauke. Mwanga wa jua huingia kwa kioo cha upande wa jua, hupiga oili, na kutoka kwa kioo cha upande wako.

Kabla fundi hajakata, chagua kioo. Simama dukani na darubini ya sekstanti, tazama mnara wa simu ulio mbali, kisha pitisha kioo mbele ya darubini kikifunika nusu ya lenzi na ukizungushe taratibu. Mnara ukionekana kuvunjika au kuhama, nyuso mbili za kioo hicho haziko sambamba na kitapinda mwanga; omba kingine. Hata kilichofaulu hakikosi kasoro ndogo, na dawa yake ni ya zamani na rahisi: andika A upande mmoja wa kibanda na B upande wa pili, pima nusu ya vipimo A ikiwa upande wako, kisha geuza kibanda na upime nusu nyingine. Kosa la vioo litaongeza mara ya kwanza na kupunguza mara ya pili, na wastani utalifuta.

Weka vyote juu ya ardhi iliyoshindiliwa au sakafu ya saruji iliyomwagwa moja kwa moja juu ya udongo. Baraza ambayo watoto hupita haifai, wala ua ulio kando ya barabara ya malori. Oili huona mtikisiko ambao wewe huwezi kuuhisi.

Kosa la sifuri

Kila sekstanti, hata ya bei kali, husoma kitu kidogo ilipopaswa kusoma sifuri. Lipime kwa jua lenyewe. Vichujio vya giza vikiwa mbele ya vioo vyote viwili vya sekstanti, cha mkono (kilicho juu ya wenzo unaotembea kwenye tao) na cha upeo (unachotazamia mbele moja kwa moja), weka mkono wa sekstanti karibu na sifuri, tazama jua, na ulete taswira zake mbili ziguse ukingo kwa ukingo, soma. Vuka sifuri mpaka ziguse tena kwa upande wa pili. Soma upande wa nje wa tao, yaani alama zilizo nyuma ya sifuri. Tuseme umepata 34.4' ndani ya tao na 28.8' nje yake. Tofauti ni 5.6', nusu yake ni 2.8', na kwa kuwa namba ya ndani ndiyo kubwa, 2.8' hutolewa katika kila usomaji. Jumlisha namba zile zile na kugawanya kwa nne: 63.2 kwa 4 ni 15.8', ambayo ndiyo nusu kipenyo cha jua katika Julai. Isipolingana na almanaki ya wanamaji (kitabu cha majedwali ya jua na nyota) ya siku hiyo, ujue jicho au mkono umeteleza, rudia.

Mwenye sekstanti ya plastiki apime kosa hili kabla ya kazi na baada yake, na akiweke kifaa kivulini kati ya vipimo, kwa sababu plastiki hunyumbuka kwa joto, na jua la Kigoma halisubiri.

Kupima jua

Kabla jicho halijasogea kwenye darubini, weka vichujio mbele ya kioo cha mkono na pia mbele ya kioo cha upeo. Ufukweni mtu huzoea kuweka vichujio vizito upande mmoja tu, kwa kuwa upande wa pili anatazama maji. Hapa unatazama jua mara mbili. Oili hurudisha sehemu ndogo ya mwanga, pungufu ya moja ya tano kwa vimo hivi, lakini sehemu hiyo ya jua bado inatosha kuunguza jicho. Usiitazame taswira hiyo kwa macho matupu hata kwa kuitafuta tu.

Kadiria kimo kwanza kwa kivuli. Simamisha mwanzi wa mita 1 wima: kivuli kikiwa mita 1, jua liko nyuzi 45, kikiwa mita 1.73, liko nyuzi 30. Ongeza maradufu na uweke sekstanti hapo, yaani 90° au 60°. Kisha kaa kwenye kigoda ukielekea jua, trei ikiwa mbele yako. Macho yakiwa sentimita 90 juu ya oili, kwa jua la nyuzi 45 kaa sentimita 90 kutoka trei, kwa nyuzi 30 rudi nyuma hadi mita moja na nusu hivi, na kwa nyuzi 58 sogea hadi sentimita 56. Sogeza mwili, usiguse trei. Sarafu ya kijani itakapotokea ndani ya oili, imetulia kama imechorwa, umefika.

Sasa taswira ya pili, ile inayoletwa na vioo vya sekstanti, itakuwa jirani, na kugeuza mkono kidogo kutaiingiza kwenye darubini. Mimi huweka kichujio chekundu upande mmoja na cha kijani upande mwingine, ili nisizichanganye. Yumbisha sekstanti taratibu kama bembea: sarafu nyekundu itachora upinde, na kipimo sahihi ni pale inapokuwa chini kabisa ya upinde huo. Unaweza kuzigusanisha kingo au kuzilaza moja juu ya nyingine mpaka rangi mbili ziwe duara moja. Napendelea la pili, kwa kuwa linaondoa hesabu ya nusu kipenyo. Anayegusanisha kingo akumbuke kwamba taswira ya oili imepinduliwa: ya sekstanti ikiwa juu ya ile ya oili, amepima ukingo wa chini wa jua na ataongeza nusu kipenyo, ikiwa chini yake, amepima ukingo wa juu na atakitoa.

Karibu na Ikweta jua hupanda kama lift. Kimo hubadilika hadi dakika 15 za pembe kwa kila dakika moja ya saa, na kwa kuwa tunaona maradufu, sarafu mbili huachana kwa karibu kipenyo kizima cha jua kila dakika. Kulifukuza kwa mkono ni kuchoka bure. Ni afadhali kuweka sekstanti mbele kidogo ya jua, kwa mfano 90° 20' kamili, na kungoja duara mbili zijilaze zenyewe. Kisha 90° 40', kisha 91° 00'. Binti yangu hukaa kivulini na simu inayoonyesha sekunde. Ninasema "Sasa!", naye hujibu, "Nimeandika, baba," na asipojibu kipimo hicho hakihesabiwi. Sekunde 4 za kuchelewa ni dakika moja ya pembe. Chukua vipimo sita, geuza kibanda, chukua sita tena.

Mpangilio wa hesabu

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa lenyewe ni la utaratibu. Kosa la sifuri hutolewa kwanza, kabla ya kugawanya kwa mbili, kwa sababu limo ndani ya pembe nzima. Baada ya kugawanya ndipo nusu kipenyo, kama ulipima ukingo, na kupinda kwa mwanga hewani huingizwa. Sahihisho la urefu wa macho juu ya bahari halimo kabisa. Ukiliingiza kwa mazoea utajihamisha kilomita kadhaa. Kuna faida moja ya siri: kugawanya kwa mbili hugawanya pia makosa ya jicho lako na ya alama za tao.

Mwanga hupinda kwa 2.6' kitu kikiwa nyuzi 20, 1.7' kikiwa nyuzi 30 na 1' kikiwa nyuzi 45, kwa hewa ya usawa wa bahari na baridi ya nyuzi 10. Ziwa Tanganyika liko zaidi ya mita 770 juu ya bahari na hewa yetu ni ya joto, kwa hiyo hapa hupungua kwa karibu sehemu moja ya saba. Ni kidogo, lakini almanaki ina jedwali lake.

Latitudo kwa nyota

Nyota ya Kaskazini haionekani Kigoma, iko chini ya upeo. Badala yake kuna nyota angavu zinazopita meridiani, yaani mstari wa angani wa kaskazini hadi kusini unaopita utosini, zikiwa chini ya nyuzi 60, kusini na kaskazini. Kiangazi ndicho chenye mbingu safi. Katikati ya Julai, Alpha Centauri hupita kusini kwetu mnamo saa 2 na dakika chache usiku, kimo chake kikiwa karibu nyuzi 34. Katikati ya Septemba, Vega hupita kaskazini saa hizo hizo, kimo nyuzi 46. Wakati wa mvua, mawingu yakikupa nafasi, Canopus, ambayo Waarabu huiita Suhail, hupita kusini saa 2 kasoro usiku katikati ya Machi, kimo nyuzi 42.

Ondoa vichujio vyote, zima taa ya uani, yape macho dakika 15 yazoee giza, kisha itafute nyota ndani ya oili kwa macho matupu kwa kusogeza kichwa. Itakuwa hafifu mara kumi na zaidi kuliko ile ya angani, ndiyo maana nyota za kawaida hazifai. Anza kuipima dakika 10 kabla ya muda wake. Pembe itapanda, itasimama, itaanza kushuka. Iliyo kubwa kuliko zote ndiyo ya meridiani.

Huu ni mfano wa Alpha Centauri, ambayo mwinamo wake, yaani umbali wake wa pembe kutoka ikweta ya mbingu, sasa ni 60° 56' kusini. Sekstanti ilisoma 68° 00.2'. Toa kosa la sifuri la 2.8', inabaki 67° 57.4'. Nusu yake ni 33° 58.7'. Toa 1.3' za kupinda kwa mwanga, kimo cha kweli ni 33° 57.4'. Kutoka hapo hadi utosini ni 56° 02.6', na ukikitoa hicho katika mwinamo unapata latitudo ya 4° 53.4' kusini. Simu ilisema 4° 53.0'. Tofauti ya 0.4' ni mita 740 hivi, nami niliridhika nayo.

Longitudo kwa vimo sawa

Zoezi hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa sababu linageuza udhaifu wa upeo bandia kuwa nguvu. Funga sekstanti kwenye 100° 00' asubuhi, rekodi sekunde ambayo duara mbili zinalala pamoja, usiiguse skrubu, na alasiri rekodi sekunde ambayo zinalala pamoja tena. Katikati ya saa hizo mbili ndipo jua lilipokuwa juu ya meridiani yako. Kosa la sifuri halina maana tena, wala kupinda kwa mwanga, wala vioo vya kibanda visivyogeuzwa, kwa kuwa vyote vilikuwa vile vile mara zote mbili.

Katikati ya Julai nilipata, kwa mtindo wa saa 24, 11:04:40 na 15:10:24. Katikati yake ni 13:07:32, yaani 10:07:32 kwa saa ya Greenwich, kwenye longitudo sifuri, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Almanaki ilionyesha kwamba siku hiyo jua lilipita Greenwich saa 12:06:00. Tofauti ni saa 1, dakika 58 na sekunde 28. Kila saa ni nyuzi 15, kila dakika ni robo ya uzi, kila sekunde 4 ni dakika moja ya pembe, na jumla ni 29° 37' mashariki. Nilikosea kwa dakika moja ya pembe, karibu kilomita 1.8 kuelekea ziwani. Mwinamo wa jua nao hubadilika kidogo kati ya asubuhi na alasiri, na kwa mfano huu ulihamisha katikati kwa sekunde 3 hivi. Anayeanza na aupuuze mpaka mkono wake uwe mtulivu kuliko sekunde hizo.

Usitegemee kipimo kimoja, kwa maana wingu dogo kutoka upande wa Kongo laweza kufunika jua dakika ile ile uliyoingoja saa nne nzima. Asubuhi rekodi kwa 96°, 97°, 98°, 99° na 100°, ukiandika kila saa kwenye mstari wake, na alasiri uzirudie kwa kinyume, kuanzia 100° hadi 96°, ukirudisha mkono wa sekstanti kwenye alama hizo hizo kwa kuuzungusha kutoka upande ule ule uliotumia asubuhi, ili ulegevu wa skrubu usiingie kwenye hesabu.